Kigoma kengele inalia jua halijatoka, alafu tunashangaa watoto wanasinzia darasani

#1 Mwisho_wa_Reli (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu.

Nipo Kigoma mjini upande wa Gungu, nina watoto wawili sekondari ya kutwa na mmoja yuko la tano. Kuna kitu kinanikera muda mrefu na kila nikikigusia kwenye kikao cha wazazi naonekana naleta mambo ya Ulaya, kwaiyo nimeamua nikilete huku kwa watu wenye muda wa kubishana.

Ratiba ya shule wanayosoma wanangu iko hivi: namba saa 12 na nusu asubuhi, ukichelewa fimbo, alafu usafi, paredi, saa moja na nusu kipindi cha kwanza. Fom tuu na fom foo ndio kabisa, saa 12 kamili wawe ndani kwa ajili ya rimidio (masomo ya ziada). Nina ndugu Dar na Tanga, watoto wao ratiba ni hiyohiyo dakika kwa dakika. Na tatizo linaanzia hapo, maana saa ya ukutani ni moja nchi nzima ila jua halijui habari za mikoa.

Chukua hesabu ya jiografia, hii hata mtoto wa fom tuu anaipiga. Nyuzi 15 za longitudo ni lisaa limoja, kwaiyo uzi mmoja... sorry, nyuzi moja ni dakika 4. Dar iko nyuzi 39 na kidogo mashariki, Kigoma iko 29 na nusu na kidogo. Tofauti inakaribia 10, zidisha kwa 4, ni kama dakika 39. Yani jua likishatoka Dar sisi tunalisubiri karibu dakika arobaini nyingine. Mwezi wa saba Kigoma jua linachomoza saa 1 na dakika 10 hivi asubuhi, mwezi wa pili saa 1 na dakika 7 hivi, mwezi wa kumi na moja ndio angalau linawahi, saa 12 na dakika 36. Kwaiyo miezi mingi mtoto anahesabiwa namba kukiwa hakujakucha, na wa rimidio anaanza kusoma kiza totoro.

Watu wa Ujiji wanalijua hili bila kupiga hesabu yoyote. Ramadhani redio inaadhini magharibi ya Dar, mtu wa Kigoma ana tende mkononi anaiangalia tu, akiila pale funga yake imeenda. Kwenye futari tunajua kabisa kwamba sisi na Dar hatuko sawa, ila ikifika kwenye kengele ya shule tunasahau.

Na hapo Manyovu ukivuka kuingia Burundi saa inarudi nyuma lisaa zima. Kwa jua sisi tuko upande wa wale. Mstari wa nyuzi 30 ambao ndio unabeba saa zao unapita jirani na Kasulu, wakati mstari unaobeba saa zetu ni wa nyuzi 45, huo hata Tanzania haugusi, uko huko Somalia na Madagaska. Ndio maana Kigoma jua linakuwa utosini saa 7 mchana na siyo saa 6. Sasa mtoto akiamka saa 11 alfajiri ili awahi, kwa jua la kwetu hiyo ni saa 10 usiku. Mwili wake unafuata jua, haufuati taarifa ya habari.

Na hapa nazungumzia mtoto wa miaka 14, 15, 16. Akifika balehe saa ya mwili inasogea mbele, usingizi unachelewa kumshika usiku na asubuhi unachelewa kumwachia, hilo madaktari wamelisema miaka mingi siyo uvivu. Chama cha madaktari wa watoto Marekani mwaka 2014 walishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. California wakaweka sheria kabisa, imeanza kutumika mwezi wa saba 2022, sekondari za juu hakuna kuanza kabla ya saa 2 na nusu. Seattle walisogeza 2016 kutoka saa 1 na dakika 50 kwenda saa 2 na dakika 45, watu wakaweka vifaa vya kupima usingizi mikononi mwa wanafunzi, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi. Wengi tulidhani wangechelewa tu zaidi kulala, haikuwa hivyo.

Ninachosema mimi: tusiguse saa ya taifa, tusogeze kengele tu kwa mikoa ya huku magharibi. Uchina nchi nzima kubwa vile inatumia saa ya Beijing, ila Xinjiang kule magharibi ofisi zinafungua saa 4 kwa saa hiyo ya Beijing na maisha yanaenda. Sisi tunashindwa nini kupiga namba saa 1 na nusu na kipindi cha kwanza saa 2 na robo? Jioni hatupotezi kitu, huku jua linazama saa 1 jioni na mara nyingine inapita kabisa, mtoto akitoka saa 10 na nusu bado ana mwanga wa kutosha kuteka maji na kucheza mpira.

Karibuni, ila matusi hapana.

#2 kigodoro

Naweka mkeka hapa, mwalimu mmoja akija itakuwa tamu.

#3 Jembe_la_Zamani

Mkuu tusidekeze watoto. Sisi tumesoma Kasulu vijijini huko, unaamka jogoo wa kwanza, unakanyaga umande mpaka kaptula inalowa, fimbo ukichelewa, na tumetoboa. Saivi mtoto ana viatu, ana begi, unataka na alale mpaka saa moja. Hao wa Marekani wana basi la njano mlangoni.

#4 Mwisho_wa_Reli

Mzee wangu shikamoo. Umetoboa wewe, ila darasa lenu la saba mlikuwa wangapi na wangapi walienda sekondari? Waliobaki hawapo humu kukujibu. Na hilo basi la njano ndio linanipa nguvu zaidi, yule anayebebwa wamemwongezea muda wa kulala, wa kwetu anayetembea kwa mguu kilomita zake tano ndio tunamwamsha usiku.

#5 chaki_na_vumbi

Haya mwalimu nimekuja. Nafundisha hesabu shule ya kata, sitasema ipi, mkoa huuhuu.

Mleta uzi kwenye kipindi cha kwanza yuko sahihi mia kwa mia. Mimi nina dabo (vipindi viwili mfululizo) ya fom tuu asubuhi Jumatatu na Jumatano, watu themanini na kitu darasani, na mwezi wa sita mpaka wa nane naandika ubaoni kwa kupapasa maana darasa halina umeme na madirisha yanaangalia magharibi. Nageuka nyuma nakuta mstari mzima umeinamia dawati. Unamwinua mmoja ukimuuliza x ni ngapi anakwambia "present". Siyo utani.

Ila mleta uzi usije ukadhani ukisogeza tu kengele hesabu zinapanda. Kuna utafiti wa Los Angeles uliangalia wanafunzi wengi sana, ukakuta hesabu ikiwekwa asubuhi matokeo yanakuwa mazuri kuliko ikiwekwa mchana. Na Denmark waliangalia mitihani ya mashuleni, kila lisaa linavyosogea mchana alama zinashuka kidogokidogo, alafu mtoto akipewa mapumziko ya dakika 20 mpaka 30 kabla ya mtihani zinapanda tena, na zinapanda kuliko zilivyoshuka. Kwaiyo ukichelewesha kuanza alafu ukasukuma vipindi vyote kwenda saa 10 na nusu jioni, juani, bila kitu tumboni, umehamisha usingizi kutoka asubuhi kupeleka jioni. Huko Denmark wakati wa mapumziko mtoto anakula. Hapa kwangu mapumziko ya saa 4 nusu ya darasa wanazunguka kwenye mwembe tu, wenye mia mbili wananunua mhogo wa kukaanga, basi.

Mimi ningeambiwa nichague kitu kimoja kati ya kengele na uji ningechagua uji. Wazazi wakichanga debe la mahindi kila muhula tukapika uji saa 4 na kande saa 8, vipindi vya mchana vinafundishika. Mwaka juzi tulipika muhula mmoja, michango ikakata, tukarudi palepale.

Na kitu kingine mnachosahau, vipindi vya dakika 40. Mwalimu akitoka ofisini kipindi kimeshakula dakika 5, darasa litulie dakika 5, ukisahihisha madaftari ya watu themanini hata robo hujafika kengele imelia. Bora dabo tatu kwa wiki kuliko vipindi sita vya mojamoja, hilo halihitaji pesa wala waraka, ni mtu wa ratiba kukaa chini na kalamu. Kwetu mtu wa ratiba anakopi ya mwaka jana anabadilisha majina ya walimu.

#6 Mwisho_wa_Reli

Mwalimu nakusalimu kwa heshima. Sijasema hesabu ziende mchana, ziwe asubuhi ila asubuhi yenye jua. Asubuhi ya Los Angeles shule inaanza kumeshakucha. Kwenye uji nakubali, debe langu lipo.

#7 Mama_Pacha

Mimi sijui mambo ya longitudo. Nina binti wa fom thrii. Saa 11 na dakika 20 anatoka nyumbani, njia yetu ina pori la miti na korongo, namsindikiza mpaka barabarani kila siku, nikiumwa anaenda na wenzake wawili wakikosekana haendi. Anachelewa akisubiri kupambazuke, akichelewa anapigwa, akipigwa kesho yake hataki kwenda. Kuna vijana wa bodaboda wanakaa pale njiani alfajiri wanawaambia mabinti "panda nikuwahishe, hela utanipa siku nyingine." Hizo siku nyingine zinakuja kulipwaje wote tunajua.

Nyie mnaongea alama za hesabu, mimi naongea mtoto arudi mzima. Hiyo namba ya saa 12 na nusu kila mwaka inatuondolea mabinti pale shuleni na kwenye kikao inaandikwa utoro.

#8 chaki_na_vumbi

Mama Pacha umemaliza. Kwenye rejista kweli tunaandika tu utoro, hakuna sehemu ya kuandika giza.

#9 Sheikh_wa_Mtaa

Assalaam aleykum. Naunga mkono asubuhi ila nina neno kwenye jioni. Ujiji na Mwanga watoto wetu wakitoka shule wanaenda chuoni, madrasa inaanza saa 10 mpaka karibu na magharibi. Shule ikimwachia saa 10 na nusu, mpaka afike nyumbani, aoge, ale, ni saa 11 na nusu, chuo kimekufa. Mzazi wa hapa mkimwambia achague kati ya rimidio na Quran mtamkosa kwenye kikao. Tafuteni lisaa hilo sehemu nyingine.

#10 Kibirizi_Kwetu

Sheikh kasema la chuo, mimi nasema la dagaa. Huku mwaloni (pale mitumbwi inaposhusha dagaa) giza la mwezi mitumbwi inaingia alfajiri, dagaa wanatakiwa wamwagwe kwenye vichanja au mchanga jua likitoka wapate jua zima. Kazi hiyo wanafanya akina mama na watoto. Saivi shule inamnyang'anya mama mtoto saa 12, mama ananung'unika ila mtoto anaenda. Sogezeni kengele muone, ile saa moja mliyompa alale itaenda kwenye beseni la dagaa. Wenye kulala watakuwa watoto wa wafanyakazi wa serikali.

Wakati wa mbalamwezi kazi inapungua, ndio utaona darasa limejaa. Mwalimu atakwambia.

#11 chaki_na_vumbi

Ni kweli. Mimi mitihani ya wiki natunga kwa kuangalia mwezi, ukiuweka giza la mwezi unasahihisha karatasi chache. Hedi anacheka ila na yeye vikao vya wazazi anapanga hivyohivyo.

#12 Mwisho_wa_Reli

Kibirizi hoja yako nzito na sina jibu lake lote. Ila angalau huyo wa beseni atakuwa anafanya kazi kumekucha na anaenda shule kumekucha. Saivi anafanya vyote viwili gizani maana mitumbwi inaingia kabla ya namba na wengine wanapitia mwaloni kwanza.

#13 Unyanyembe

Tabora hapa. Sisi tuko nyuma ya Dar kama dakika 26 hivi kwa hesabu yako, siyo mbaya kama nyie ila ugonjwa tunao, na huku una sura nyingine. Tabora ni mji wa mabweni tangu ukoloni, Tabora Boys ni ya 1922, Nyerere kasoma pale, kwaiyo huku bweni ni kama dini. Mdogo wangu yuko bweni (siyo hapo niliposema, msije mkanibana), toka anapolala mpaka darasani kwake ni kutembea dakika tatu, hakuna pori, hakuna bodaboda, hakuna dagaa. Bado saa 10 na nusu usiku kengele, prepo (kujisomea) ya alfajiri, mchakamchaka, usafi, chai. Usiku prepo tena mpaka saa 4 na nusu. Hesabuni wenyewe analala masaa mangapi. Umri wake unataka masaa nane mpaka kumi.

Ninachotaka kusema, mtu akikwambia watoto wanaamshwa usiku kwa sababu ya umbali, muulize wa bweni wanaamshwa kwa sababu gani. Ni mazoea. Shule inayowasha taa saa 10 inaonekana serious, wazazi tunaisifia, shule ya pili inawasha saa 9 na nusu.

#14 Jembe_la_Zamani

Lakini hizo shule zinafaulisha.

#15 Unyanyembe

Zinafaulisha mzee wangu kwa sababu zinachuja. Anachukuliwa mwenye alama nzuri toka la saba, akiyumba fom tuu anahamishwa. Ukimchukua huyohuyo ukamwacha alale atafaulu vilevile, tena labda atakumbuka alichosoma mpaka mwaka unaofuata.

#16 Mdau_wa_Takwimu

Wakuu mnaongea kengele ila kuna lori linakuja nyuma yenu. Sera mpya msingi unaishia la sita. Mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, maana yake Januari 2028 mikondo miwili inagonga mlango wa fom wani kwa wakati mmoja. Vyumba vya madarasa vya shule za kata mnavijua. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 tumekuwa tukikimbizana na madarasa na hatujafika. Shule nyingi zitaingia zamu mbili, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Ukiwa na zamu mbili hakuna habari ya kuanza saa 2 na robo, kundi la kwanza lazima liingie mapema ili la pili litoke kabla ya giza. Kwaiyo ndoto ya mleta uzi inakufa pale.

#17 Mwisho_wa_Reli

Hapana mkuu, mimi naona ndio inapata nafasi. Kama lazima ziwe zamu mbili, nani aingie asubuhi? Mazoea yetu ni fom foo asubuhi na wadogo mchana, kwa sababu fom foo ana mtihani. Geuza. Mtoto wa miaka 12 saa 11 ameshaamka mwenyewe anasumbua nyumba, mkubwa wa miaka 17 ndio saa ile hata umpige ngoma hasikii. Wadogo waingie asubuhi, wakubwa saa 5 mpaka saa 11, jua letu linaruhusu maana saa 12 jioni Kigoma ni mwanga mweupe. Dar hawawezi kufanya hivyo, sisi tunaweza.

#18 chaki_na_vumbi

Na mwalimu anayefundisha makundi yote mawili anapumzika saa ngapi? Uliza tu hilo kabla hujageuza. Kwenye zamu mbili majengo yanaongezeka kwenye karatasi, walimu tunabaki walewale.

#19 fomfoo_mwaka_huu

Jamani mimi ndio mwanafunzi mwenyewe. Rimidio ya saa 12 kwetu mwalimu anakuja saa moja kasoro. Tunakaa na tochi za simu, wengine wanalala, wengine wanapiga stori. Hatusomi. Lakini ukikosa jina linaandikwa. Ni hayo tu nina mtihani.

#20 kigodoro

😂😂 dogo kamwaga mchele kwenye kuku wengi.

#21 chaki_na_vumbi

Dogo mwambie huyo mwalimu nimesoma.

Sasa ngojeni nitoe kitu ambacho kinawezekana wiki ijayo bila kumgusa mkurugenzi wala kamishna. Kati ya namba na kipindi cha kwanza kuna lisaa zima, na lisaa hilo linaenda kwenye usafi na paredi. Watoto wanafagia giza, hata uchafu hawauoni, vumbi linapanda, nguo zinachafuka, alafu wanaingia darasani wamechoka. Hamisha usafi uwe jioni kabla ya kutoka, dakika 20, kila darasa eneo lake. Paredi ibaki Jumatatu na Ijumaa tu. Namba ikasogea kuwa saa 1 na robo, kipindi cha kwanza kikabaki saa 1 na nusu palepale. Muda wa kutoka unasogea hizo dakika 20 tu, Sheikh chuo chako kinapona. Binti wa Mama Pacha anatoka nyumbani kunakaribia kupambazuka. Rimidio ihamie mchana baada ya uji, kama uji upo.

Siyo ile ya California ila ni dakika 45 za usingizi.

#22 Sheikh_wa_Mtaa

Dakika 20 tunazivumilia.

#23 Mama_Pacha

Mwalimu njoo uwe hedi shule yetu.

#24 Jembe_la_Zamani

Hiyo ya usafi jioni sina ubishi nayo. Ila atakayechelewa hiyo saa 1 na robo achapwe.

#25 Mwisho_wa_Reli

Mzee Jembe hubadiliki 😂. Mwalimu hii naichukua kama ilivyo. Kikao cha wazazi ni muhula ukifunguliwa, nitaiandika kwenye karatasi moja niipitishe kwa mwenyekiti wa bodi kabla, maana ukiinuka kusema pale ghafla hedi anajihami. Nitatia na jedwali la jua la miezi yote 12 ili asiseme naota. Nitaleta mrejesho humuhumu.

#26 Mama_Pacha

Na Jumamosi je? Binti anaenda mpaka saa 8 mchana, anafua saa ngapi?

#27 Mwisho_wa_Reli

Jumamosi tuifungulie uzi wake mama, hiyo ina watu na tyusheni zao, tutapigana.